Jumba la mlimani Ngara: je, mgeni anaweza kulimiliki?

Na Mwandishi Wetu

Wilaya ya Ngara imepakana na nchi mbili kwa pamoja. Ng'ambo ya Mto Kagera ni Rwanda. Ukipita Kabanga unaingia Burundi. Ni nchi ya milima iliyoshikana, migomba na kahawa, na mabonde ambamo Mto Ruvubu unapita kwenda kukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Jirani yake, Biharamulo, ni nchi ya misitu na mbuga, yenye boma la kale la Wajerumani na njia panda ya Nyakanazi, ambako barabara itokayo Kahama hukutana na ile ya Kigoma.

Haishangazi basi kwamba wapo watu wenye uwezo wanaotamani kujenga huku jumba la kifahari: nyumba kubwa yenye baraza pana, bustani, hewa safi na utulivu usiopatikana mjini. Baadhi yao ni wazaliwa wa huku walioishi Ulaya, Marekani au Uarabuni miaka mingi. Wengine ni ndugu na wakwe kutoka Rwanda na Burundi, ambao mpaka haukuwatenga kwa lugha wala kwa damu. Wengine ni wageni hasa, waliofika kwa biashara au kazi, wakapapenda, wakataka kubaki.

Wote hawa huanza na swali la bei. Dalali huwatajia bei, muuzaji hupunguza kidogo, mashahidi huitwa na fedha hutolewa. Swali lililopaswa kutangulia huja baadaye, pengine mlangoni pa baraza la ardhi: je, mnunuzi huyu anaruhusiwa kumiliki alichokilipia? Makala haya yanalijibu swali hilo, kwa kuwa jibu lake limekwisha kuvunja undugu wa watu wengi, na kuna familia za Kiislamu ambazo huenda zikakabiliwa nalo bila kujitayarisha.

Ardhi ni ya nani?

Msingi wa jambo hili ni sheria mbili za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kwa mujibu wake, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anayesema "nimenunua ardhi" kwa hakika amenunua haki ya kuitumia, pamoja na maendelezo yaliyofanywa juu yake. Haki hiyo ina masharti, na sharti la kwanza ni uraia.

Ardhi imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ambayo ni pamoja na miji na viwanja vilivyopimwa, ardhi ya vijiji, na ardhi ya hifadhi. Katika Ngara na Biharamulo, nje ya miji, ardhi ambayo wananchi wanalima na kujenga ni ya vijiji. Sehemu nyingine ni hifadhi, na mipaka yake haipaswi kukisiwa kwa macho: mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Atakayeuziwa "shamba zuri karibu na pori" na ahakikishe kwanza kwamba shamba hilo halimo ndani ya pori lenyewe.

Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi kinasema bayana kwamba asiye raia hatapewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa kufuata sheria ya uwekezaji. Hata hapo, ardhi hutolewa kwanza kwa mamlaka ya uwekezaji ya serikali, kisha mwekezaji hupewa haki inayotokana na hati ya mamlaka hiyo, kwa muda maalumu. Mamlaka hiyo kwa miaka mingi ilikuwa Kituo cha Uwekezaji Tanzania. Tangu mwaka 2025 kazi zake zimo chini ya Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi. Kampuni nayo, ikiwa wenye hisa wengi si raia, huhesabiwa kuwa si raia.

Maana yake ni kwamba mgeni anayetaka kujenga hoteli ya kitalii Ngara ana njia ya kisheria, japo ni ndefu. Anayetaka jumba la kuishi na kupumzika tu hana njia hiyo, kwa kuwa mapumziko yake mwenyewe hayahesabiwi kuwa uwekezaji.

Muhuri wa kijiji una mpaka wake

Watu wengi huamini kwamba mkataba wenye muhuri wa kijiji na saini ya mwenyekiti unatosha. Kwa raia, ushahidi huo una uzito. Kwa asiye raia, hauwezi kuumba haki ambayo sheria imeikataa. Hakimiliki ya kimila hutolewa na halmashauri ya kijiji kwa raia, kwa familia ya raia au kwa kikundi cha raia. Ili ardhi ya kijiji imfikie mwekezaji wa kigeni, ni lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla. Hatua hiyo hufanywa na Rais, baada ya tangazo rasmi na baada ya wanakijiji kushirikishwa katika mkutano wao mkuu. Mwenyekiti au mtendaji hawezi kuimaliza kazi hiyo nyumbani kwake jioni moja.

Wengine hujitetea kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Husema kwamba Tanzania, Rwanda na Burundi sasa ni soko moja, na kwamba kituo cha pamoja cha forodha kipo pale Rusumo, hivyo ardhi nayo ni ya wote. Sivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, imeligusa suala hili katika ibara yake ya 15 na kuliacha chini ya sera na sheria za kila nchi mwanachama. Bidhaa na watu wamefunguliwa milango. Ardhi imebaki mikononi mwa kila taifa.

Mzaliwa aliyegeuka mgeni

Jambo hili huwachoma zaidi watoto wa Ngara na Biharamulo waliokwenda mbali. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Anayechukua kwa hiari uraia wa Canada au Uingereza hupoteza ule wa Tanzania, hata kama kaburi la babu yake lipo Rulenge na mama yake bado analima Nyakahura. Mbele ya afisa ardhi, mtu huyo ni asiye raia.

Hapa pana tofauti ambayo familia nyingi huichanganya. Mwenye kibali cha ukaazi tu katika nchi ya nje, hata kiwe cha kudumu, bado ni Mtanzania na haki zake za ardhi ziko palepale. Kinachobadilisha hali ni kuchukua uraia. Kijana aliye ughaibuni na mwenye nia ya kujenga nyumbani na alizingatie hilo kabla ya kula kiapo.

Kilio cha wanadiaspora kilisikika kwa kiasi fulani mwanzoni mwa mwaka 2025, Bunge lilipopitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili kuweka hadhi maalumu kwa wasio raia wenye asili ya Tanzania. Marekebisho hayo yamefungua njia ya wao kumiliki ardhi kwa masharti. Anayehusika na aende Idara ya Uhamiaji, afuate utaratibu na kupata hadhi hiyo kwa maandishi kabla ya kutoa fedha ya kiwanja. Kuwa na asili ya Tanzania bila kuwa na hadhi hiyo hakumsaidii.

Jina la shemeji

Kwa kuwa njia halali ni ndefu, watu wamebuni ya mkato. Mgeni hutoa fedha, na ndugu au rafiki aliye raia huandikwa kuwa mnunuzi. Mara nyingi hapaandikwi kitu kingine chochote, kwa kuwa kudai maandishi baina ya ndugu huonekana ni kutoaminiana.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Kigali anamwachia shemeji yake wa Ngara fedha za kununua ekari tatu mlimani na kujenga nyumba ya vyumba sita. Hati ya kimila inatoka kwa jina la shemeji. Miaka minane inapita kwa wema. Mwenye fedha huja kila likizo, na shemeji hutunza funguo. Kisha shemeji anafariki dunia. Msiba unakwisha, familia inakaa, msimamizi wa mirathi anateuliwa na mahakama ya mwanzo. Mjane anajua kidogo, watoto hawajui kitu, na ndugu wa marehemu wanaona nyumba kubwa yenye jina la ndugu yao. Mfanyabiashara anafika kudai chake. Ataonyesha nini?

Mahakama itasoma hati. Na hata akiwa na karatasi ya makubaliano ya siri, Sheria ya Mikataba ya Tanzania haiutambui mkataba ambao lengo lake ni kukwepa sheria. Karatasi anayodhani ni ngao yake inaweza kuwa ushahidi dhidi yake. Kifo si hatari pekee: talaka ya mshika jina, deni lake benki au ugomvi wa kawaida wa kifamilia, kila kimoja kinatosha kuifanya nyumba igombaniwe.

Dini inasema nini? Kwa upande wa mshika jina, jambo ni la amana. Suuratun Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na amana haigeuki kuwa mali ya aliyeishika kwa sababu tu jina lake limeandikwa. Akifariki, mali ya watu aliyoishika si sehemu ya tarika yake. Hutengwa, madeni hulipwa, wasia hutekelezwa, ndipo warithi hugawana kilichobaki. Mtoto wa marehemu anayejua kwamba nyumba si ya baba yake naye akanyamaza ili apate fungu, na akumbuke onyo lililopokewa na Bukhari na Muslim juu ya anayechukua hata shubiri moja ya ardhi ya mwenzake kwa dhuluma.

Lakini mnunuzi naye hana nafasi ya kujitakasa. Aya ya 282 ya Suuratul Baqara imewafundisha waumini kuandika miamala yao ya deni na kuweka mashahidi, ili shaka na ugomvi viondoke. Muamala ambao hauwezi kuandikwa kwa uwazi wala kushuhudiwa hadharani umeanza na kasoro. Tena, sheria ya ardhi haimwamrishi mtu kumuasi Mwenyezi Mungu. Inalinda mashamba ya wanakijiji yasinunuliwe yakaisha na wenye fedha kutoka nje. Muislamu anayeingia katika nchi ya watu ameingia kwa masharti, na kutimiza masharti ni katika dini yake.

Mafunzo ya mwaka 2013

Wakazi wa mpakani hawahitaji kuhadithiwa matokeo ya kuishi bila karatasi. Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete akiwa ziarani Kagera aliwataka wahamiaji wasio na vibali waondoke. Septemba ya mwaka huo ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walivuka mpaka wa Rusumo, na miongoni mwao walikuwamo walioishi Tanzania miaka mingi, wakaoa, wakazaa, wakapanda migomba na kujenga.

Mjadala wa namna operesheni ile ilivyoendeshwa una mahali pake. Kwa mada yetu, somo ni hili: nyumba ya mtu ambaye hali yake ya uraia haijulikani haina msingi, hata ijengwe kwa matofali ya kuchoma na bati la rangi. Familia zenye ndoa za kuvuka mpaka zina wajibu wa kushughulikia jambo hili mapema. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaruhusiwa na sheria kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake. Mume wa kigeni hana njia hiyo nyepesi, naye hulazimika kupitia utaratibu wa kawaida wa kuomba uraia wa kuandikishwa.

Na sisi tukinunua kwao?

Mfanyabiashara wa Ngara au Biharamulo aliyejaaliwa mali naye anaweza kutamani nyumba ya shambani nje ya nchi. Huko yeye ndiye mgeni, na kila nchi ina mlango wake.

Kenya, kwa ibara ya 65 ya Katiba ya mwaka 2010, humruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99 tu. Kwa ardhi ya kilimo, ambayo ndiyo ya shambani, mlango ni mwembamba zaidi, kwa kuwa sheria ya udhibiti wa ardhi huzuia mauzo yake kwa wasio raia. Uganda nayo, chini ya Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, humpa mgeni ukodishaji usiozidi miaka 99.

Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, ilifungua mlango mwaka 2006 kwa amri ya Sultani, lakini ndani ya miradi maalumu ya makazi ya kitalii, kama ule wa Al Mouj ulioko Muscat. Dubai ilitoa ruhusa mwaka 2002 na kuiwekea sheria mwaka 2006, katika maeneo yaliyotajwa tu. Uturuki ililegeza masharti mwaka 2012: mgeni anaweza kumiliki hadi hekta 30 nchini kote, lakini akinunua ardhi tupu hana budi kuwasilisha mpango wa ujenzi ndani ya miaka miwili. Nyumbani kwetu, Zanzibar ina sheria zake za ardhi, tofauti na za Bara, na huwaruhusu wageni kununua nyumba katika miradi iliyoidhinishwa, kama ile ya Fumba.

Katika nchi zote hizi, mnunuzi hupata kile ambacho sheria ya hapo imemruhusu. Maneno ya muuzaji na picha za dalali haziongezi kitu. Na pale muuzaji anapoleta mkopo wa nyumba wenye riba, Muislamu na atafute muamala wa murabaha au ushirika unaopungua, ambamo benki na mteja hununua kwa pamoja na mteja hulinunua fungu la benki kidogo kidogo. Asipoupata, kujenga polepole kwa akiba kuna baraka kuliko kuharakisha kwa riba.

Kabla ya kutoa fedha

Kwa raia anayenunua Ngara au Biharamulo, au mwenye hadhi maalumu anayeruhusiwa, mambo haya yasirukwe.

Kwanza, fahamu kundi la ardhi. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya, uliza kama ni ya kijiji, ya jumla au ya hifadhi, na kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi unaoruhusu makazi mahali hapo.

Pili, pima umbali na maji. Wengi hutaka jumba linaloutazama Kagera au Ruvubu, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Jengo la thamani linaweza kuwekewa alama ya kubomolewa kwa sababu hiyo tu.

Tatu, zungumza na mke au mume wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Mama wa nyumba akisema hakushirikishwa, simamisha ununuzi.

Nne, tembea mpakani na majirani wote, mchana, na majina yao yaandikwe katika mkataba. Uliza pia kama kuna shauri lolote katika Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kisheria lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, au katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tano, mauzo yapitishwe katika kikao halali cha halmashauri ya kijiji, upate nakala ya muhtasari, kisha ufuatilie hati. Mkataba uandikwe na wakili, na malipo yapite benki.

Nyumba na watakaobaki

Jumba la shambani hujengwa kwa ajili ya watoto na wajukuu. Kwa hiyo mwenye nalo na ajiulize linawafikiaje. Ikiwa watoto wamekwisha kuwa raia wa nchi nyingine, sharti lilelile la uraia litawakabili watakapotaka kurithi ardhi, na mara nyingi njia itakayobaki ni nyumba kuuzwa kwa raia na thamani yake kugawanywa kwa mafungu ya Suuratun Nisaa. Mzazi anayelijua hilo mapema anaweza kuwatayarisha, kuwashauri watafute hadhi inayotakiwa, au kuweka sehemu isiyozidi theluthi katika wasia au wakfu, kwa mfano madrasa ya kijiji kilichompokea.

Na aliye na nyumba ya mtu kwa jina lake, leo angali hai na ana akili timamu, na awaite mkewe na watoto wake wakubwa awaambie ukweli, kisha yeye na mwenye mali waende kwa wakili watafute namna halali ya kulimaliza: kuuza na kurudisha fedha, au kulihamishia kwa mrithi aliye raia. Baada ya mauti yake, maelezo hayo hayatakuwa na wa kuyathibitisha.

Mwenyezi Mungu atujaalie mali ya halali, nyumba zenye utulivu, na warithi wasiogombana. Wallahu a'lam.